Mwaka Nilioondoa Tarehe

Tulimzika Mama Ghati siku ya Alhamisi, pale Nyamisangura, nyuma ya nyumba aliyokuwa akitupangishia vyumba, na baada ya mazishi nilijikuta nimesimama mlangoni pa chumba nilichokaa kwa mwaka mmoja. Sasa ni stoo. Magunia ya mahindi yamepangwa hadi usawa wa dirisha, na mahali ilipokuwa meza yangu pameegemezwa baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Nilijaribu kuhuzunika kwa kiwango kinachomstahili marehemu, nikagundua kwamba nilichokuwa nikifanya ni kupima: hatua nne kwa tatu. Kwa miaka yote tisa nilikuwa nikikikumbuka kama chumba kikubwa. Nilikuwa bado napima aliponikuta Atupele, muuguzi niliyemfahamu mwaka ule kwa njia ambayo hakuna mtu angeichagua. Alikuwa ametoka kwenye mkeka wa akina mama, kitenge kimefungwa kiunoni, nywele zimeanza mvi upande mmoja tu.

"Bado unaandika?" aliniuliza.

"Kidogo. Zaidi nafundisha."

"Ile ya Nyanungu hujaiandika."

"Ulinikataza."

"Nilikukataza mwaka ule," alisema. "Mwaka ule si umekwisha?"

Nilikwenda Tarime mwaka ule kwa sababu watahini walikuwa wamenirudishia tasnifu yangu ya uzamili. Ilihusu namna waandishi wa habari wanavyothibitisha taarifa zinazowafikia kwa simu, na maoni ya mtahini mmoja yalikuwa sentensi moja tu: mwandishi anaeleza kwa ufasaha mkubwa mambo ambayo hajayaona. Nilipewa mwaka wa kusahihisha. Sikurudi nyumbani Nyambureti, kwa kuwa huko kila mtu angeniuliza nimehitimu lini, nami sikuwa na jibu fupi. Nilipanga kwa Mama Ghati, nikaweka meza chini ya dirisha, na kwa wiki sita za mwanzo sikuweza kufungua faili la tasnifu. Kila nilipolifungua niliisoma ile sentensi ya mtahini hata mahali ambapo haikuwapo. Basi nikageukia kitu ambacho hakuna mtahini aliyekigusa, yaani blogu yangu. Niliiita Dawati la Pembeni. Niliandika humo kuhusu uanahabari wa kidijitali: magazeti yanavyohamia kwenye simu, redio zinavyokuwa kurasa, uvumi unavyosafiri. Wasomaji wake walikuwa wachache na wengi nilisoma nao. Ilionekana ya zamani, nami niliamini, kwa imani ambayo leo naiona ilikuwa ya mtu aliyeumia, kwamba nikiitengeneza upya nami nitatengenezeka.

Mshauri wangu katika kazi hiyo alikuwa Mwita, mwenye steshenari karibu na stendi, kijana aliyefanya kazi Sirari miaka kadhaa na kurudi na maneno ya upande wa pili wa mpaka. Nilipomwonyesha blogu kwa mara ya kwanza aliitazama kwa muda mrefu huku akikata karatasi za mtu.

"Profesa, hii kitu inakaa kama tangazo la mkutano wa kanisa," alisema.

"Maudhui yake ni ya kina."

"Sijakataa. Lakini nani ataingia nyumba haina rangi? Na hizi tarehe. Ona, chapisho la mwisho ni la miezi saba. Mtu akiona hivi anajua mwenye duka amekufa."

Nililifikiria jambo la tarehe kwa siku tatu. Niliandika hoja za kuziacha upande mmoja wa karatasi na hoja za kuziondoa upande wa pili, na upande wa kuziondoa ukawa mrefu zaidi, pengine kwa sababu niliuandika kwa mwandiko mkubwa. Nilijiambia kwamba uchambuzi mzuri hauchakai. Nikachagua kiolezo kipya, kile kinachopanga ukurasa wa mbele kwa visanduku: kila chapisho linapata picha yake, sentensi zake mbili za kwanza, na chini kabisa picha ndogo ya mwandishi pamoja na cheo chake. Nilijipa cheo cha Mtafiti wa Uanahabari wa Kidijitali. Visanduku havikuwa na tarehe. Juu ya ukurasa niliweka sehemu ya machapisho yanayosomwa zaidi, ambayo mashine yenyewe iliyapanga bila kuniuliza.

Kazi ilichukua mwezi. Asubuhi nilikunywa uji wa ulezi ambao Mama Ghati aliuacha kwenye chupa mlangoni, naye akipita na ndoo alinisalimu kabla sijamwamkia, kinyume cha adabu, ili anitanie.

"Mwenye kompyuta, imezaa?"

"Shikamoo, mama. Bado."

"Marahaba. Ng'ombe angekuwa amezaa."

Siku niliyofungua sura mpya, Mwita alifunga steshenari mapema, tukaenda kula nyama choma na ugali wa muhogo, na hapo mezani akanionyesha kwenye simu yake jinsi mstari wa wasomaji unavyopanda. Baada ya siku nne ulikuwa umesimama wima kama mti. Nilijizuia kufurahi mbele yake. Niliporudi chumbani nilikaa mbele ya mstari ule kwa saa nzima na kuandika katika daftari kwamba muundo ni hoja. Daftari ninalo bado. Sentensi hiyo nimeipigia mstari mara mbili.

Nilijua wasomaji wale wametoka wapi kupitia ukuta. Kuta za nyumba ile hazikufika darini, na jioni Mama Ghati aliketi uani na jirani yake, mke wa fundi cherehani, wakichambua mgagani. Nilisikia jirani akisoma kwenye simu, polepole, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"'Wazazi tahadharini. Nesi Atupele wa zahanati ya Nyanungu anawachoma mabinti zetu sindano za kufunga uzazi akisema ni chanjo.' Umesikia? Na si maneno ya barabarani. Ameandika msomi. Hapa chini kuna picha yake."

"Lete nione." Nikasikia kigoda kikisogezwa. "Huyu si mpangaji wangu?"

"Ndiye?"

"Ndiye. Hata shati lenyewe ndilo alilolianika jana."

Nataka kuwa sahihi hapa, kwa kuwa usahihi ndio kitu pekee nilichokuwa nikijivunia. Maneno yale sikuyatunga mimi. Miaka miwili kabla, nikiwa mwaka wa kwanza wa uzamili, ujumbe huo ulizunguka katika makundi ya simu, nami nikaandika uchambuzi wa kuubomoa. Nilianza kwa kuunukuu wote, pamoja na picha ya muuguzi akiwa ameshika sindano, kwa kuwa tulifundishwa kuweka ushahidi mbele. Kwamba ni uongo nilisema katika aya ya tatu. Jina lake sikulificha. Nilijiambia kwamba limekwisha kuwa hadharani. Chapisho hilo halikumdhuru mtu kwa sababu halikusomwa na mtu. Kiolezo kipya kilipochukua sentensi mbili za kwanza kiliangusha alama za kunukuu, kikaweka picha ya Atupele juu, na uso wangu na cheo changu chini. Kisha, kwa kuwa chanjo ya wasichana ilikuwa imetangazwa tena shuleni, mtu mmoja akakipiga picha kisanduku kile na kukituma. Bila tarehe, kilikuwa habari ya wiki hiyo.

Ndani ya saa moja nilikuwa nimeliondoa chapisho. Ndani ya saa nne nilikuwa nimeandika sahihisho la kurasa mbili, lenye vichwa vidogo, linaloeleza jinsi kiolezo kinavyochagua dondoo. Nilimpelekea Mwita asubuhi alisambaze katika makundi aliyomo. Alilisoma amesimama.

"Profesa, hii ni nzuri," alisema. "Lakini yule aliyetumiwa ile picha hatasoma hii. Hii ina kurasa. Ile ilikuwa na uso."

Kwa siku tatu mstari wa wasomaji ulilala chini. Sahihisho lilifunguliwa na watu ninaoweza kuwataja kwa majina. Siku ya nne Mama Ghati alisimama mlangoni bila chupa ya uji. Alikuwa mzaliwa wa Nyanungu, na alinieleza bila kupandisha sauti kwamba dada yake amempigia kumwuliza kwa nini anamfuga mtu anayewatisha watu wa kwao.

"Nimelisahihisha, mama. Lipo kwenye mtandao."

"Nani amekutuma useme kwenye mtandao? Kwetu neno ulilolitoa mbele ya watu unalirudisha mbele ya watu walewale, ukiwa umesimama. Jumamosi wana ritongo. Wanataka kumwondoa yule nesi. Utakwenda, au utahama. Mimi siwezi kupika uji wa mtu wanayemnong'ona."

Ritongo ni kikao cha ukoo cha wanaume wa Kikurya, na mimi, Mngoreme wa Nyambureti, nilikijua kwa kukisoma tu. Nilikwenda Nyanungu siku moja kabla, kwa pikipiki, kupitia mashamba ya mahindi na makundi ya ng'ombe yasiyo na haraka na mtu. Nilimkuta Atupele katika zahanati akifuta meza iliyokuwa safi. Alikuwa ametoka mkoa wa Mbeya, amepangiwa kazi pale miaka mitatu, na Kikurya alichojifunza kilikuwa cha maumivu: wapi, lini, kinachoma au kinavuta. Nilijitambulisha. Aliniangalia kama unavyomwangalia mtu uliyekwisha kumwona kwenye picha.

"Ni mfupi kuliko nilivyodhani," alisema, kana kwamba anamwambia mtu mwingine.

Nilianza kumweleza kuhusu kiolezo. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo leo linaniaibisha kuliko kama angenikatiza. Kisha akanifungulia rejesta ya kliniki ya watoto. Kliniki ilikuwa kila Jumanne. Kurasa za miezi ya nyuma zilijaa hadi pembezoni. Za Jumanne mbili za mwisho zilikuwa na siku ya juma na mwezi juu, na mistari mitupu chini.

"Ile ya kwanza nilishaimaliza," alisema. "Ujumbe ulipokuja mara ya kwanza nilikwenda nyumba kwa nyumba. Nilikunywa maziwa ya kila mtu hapa, hata yale ya mgando ambayo tumbo langu haliyataki. Wakaona ni maneno ya simu, wakaacha. Safari hii wananiambia, nesi, hii imetoka kwa msomi. Jana mama aliyekuwa ananiuzia maziwa amesema ng'ombe amekauka. Ng'ombe namwona kutoka hapa dirishani."

"Nitasema kesho. Nitaeleza kila kitu."

"Usieleze." Alifunga rejesta. "Mimi siruhusiwi kusimama pale, ni mwanamke na ni mgeni. Wewe unaruhusiwa. Na wewe ndiye hujui la kusema."

Alinipa chai na kiazi kitamu, kwa kuwa nilikuwa mgeni na saa za chai zilikuwa zimefika. Alipokuwa akiosha vikombe alisema kitu kimoja zaidi: kwamba yote yakiisha, vyovyote yatakavyoisha, nisije nikamfanya makala.

Kikao kilifanyika karibu na josho la ng'ombe. Wanaume walikuwa wameketi kwa duara, wazee kwenye viti vidogo vya miguu mitatu, wengine kwenye nyasi, na nje ya duara, mbali kiasi cha kusikia na kutosikia, walisimama wanawake na watoto mgongoni. Niliwaona, nikaandika akilini kwamba hawahusiki. Nilikuwa na kurasa tatu zilizochapishwa steshenari kwa Mwita. Mwenyekiti, mzee mwenye koti la suti juu ya msuli, aliniruhusu nisimame. Nilisoma ukurasa wa kwanza. Nilipogeuza wa pili aliinua fimbo yake kidogo.

"Mwanangu, hayo maneno uliyaandika au hukuyaandika?"

"Niliyanukuu, mzee."

"Sijakuuliza hilo."

"Mashine ilichukua mwanzo tu, bila..."

Mtu aliyekaa kwenye nyasi alidakia, si kwa hasira, bali kama anayemsaidia mwanafunzi mzito. "Mura," aliniita, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "ng'ombe wako akiingia kwenye mahindi yangu, sikuulizi kama ulimfungua wewe au kamba ilikatika. Nakuuliza ni wa nani."

Wakacheka, nami nikacheka nao kwa kuchelewa. Nilizikunja karatasi. Nimewahi kutafakari kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kuhusu kile kilichonitokea wakati nikizikunja, na sijapata maelezo ya kuridhisha. Ninachojua ni kwamba nilitafuta sentensi isiyo na kishazi tegemezi hata kimoja.

"Ng'ombe ni wangu," nilisema. "Maneno niliyaweka mimi. Ni ya uongo. Nesi hajafanya jambo hilo."

Mwenyekiti akawauliza wenzake kwa Kikurya, wakajibizana. Kingoreme na Kikurya ni ndugu, nami nilifuata karibu yote. Mmoja alisema nimekubali, yatosha. Mwingine akasema kukubali kwangu hakumrudishi mtoto hata mmoja zahanati, kwa kuwa wanaopeleka watoto hawamo kwenye duara. Mwenyekiti akanielekeza kwa fimbo mahali waliposimama wanawake.

"Nenda ukawaambie na wale."

Nilitoka kwenye duara. Hatua zile nilizihesabu, kisha nikapoteza hesabu. Nilirudia sentensi zilezile nne, kwa Kingoreme safari hii, na mwanamke mmoja aliyeitwa Bhoke, mrefu, mwenye mtoto mgongoni na mwingine amemshika mkono, aliniuliza kwa Kiswahili, makusudi, ili nisijifanye sikuelewa.

"Sisi tulisoma uso wako. Leo unasema uongo ni ule. Kesho ukisoma kitabu kingine utasema uongo ni huu. Tutajuaje?"

Kwa mara ya kwanza tangu watahini waliponirudishia kazi yangu, nilikiri nisichokijua. "Sijui mtajuaje, mama."

Mwenyekiti alilisikia. Akatoa uamuzi ambao sijawahi kuusoma katika kitabu chochote cha maadili ya uanahabari, ingawa nimevisoma vingi tangu hapo. Nesi atapewa Jumanne tatu. Kila Jumanne mimi nitakaa mlangoni pa zahanati, mahali ninapoonekana kutoka barabarani, na yeyote atakayeniuliza nitamwambia. Akina mama wakirudi, nesi atabaki. Jumanne ya tatu ikipita na rejesta ni tupu, kijiji kitaandika barua wilayani na mlango utafungwa.

Jumanne ya kwanza hakuja mtu. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki tangu asubuhi hadi jua lilipohamia upande wa pili wa jengo, na wanawake walipita kwenda kisimani wakizungumza kwa sauti ya chini ambayo hupandishwa kidogo makusudi. "Bado yupo." "Hana kazi kwao?" "Ana kazi, ndiyo hii." Mchana Atupele alinipa ugali wa mtama na dagaa, akala ndani, mimi nikala nje. Sijui kama ilikuwa adhabu au utaratibu.

Jumanne ya pili alikuja mwanamume aliyejikata kidole kwa panga. Hakuniuliza lolote. Alifungwa kidole, akatoka, akaniangalia, akasema, "Wewe ndiye yule," akaenda zake. Atupele hakumwandika kwenye rejesta ya watoto, ingawa, alisema, alitamani. Siku hiyo alileta sahani zote mbili nje. Alinieleza kwamba alikuwa ameanza kufunga vyombo vyake, vile visivyotumika kila siku: sufuria kubwa, pasi, kanga za wageni. Alisema hivyo kama anavyosema mtu bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua. Nilimwuliza akihamishwa atapelekwa wapi. Akasema mahali popote atakapopelekwa kuna simu.

Sikuandika neno katika wiki hizo. Blogu nilikuwa nimeifunga. Mwita alidhani nimekata tamaa, akanishauri niipe jina jipya na rangi nyingine. Nilimwambia nitairudisha nikijua itakavyokaa. Nilikuwa nikifikiri kuhusu Bhoke. Swali lake lilikuwa ndilo swali la tasnifu yangu, sura ya nne, ambalo nililijibu kwa kurasa thelathini bila kumwuliza mtu yeyote mwenye mtoto mgongoni.

Jumanne ya tatu ilikuwa na mvua asubuhi, na nilipofika njia ilikuwa matope hadi kwenye ngazi. Atupele alikuwa amevaa sare iliyopigwa pasi, amefungua rejesta, ameandika siku ya juma na mwezi. Saa nne hakukuwa na mtu. Saa tano mvua ilikatika, na barabarani ng'ambo ya uzio wakasimama wanawake sita au saba chini ya kibanda cha maziwa, wamefunika watoto kwa kanga, hawaji na hawaondoki. Nilidhani wamejikinga mvua tu. Mvua ilikuwa imekwisha kwa muda mrefu kabla sijaelewa kwamba sivyo.

Bhoke aliwaacha wenzake akavuka barabara, yule mtoto mkubwa amemshika mkono. Mtoto wa mgongoni alikuwa na homa; hilo lilionekana hata kwangu. Alisimama mbele ya kiti changu, nikasimama.

"Wewe ndiye uliyeandika?" aliniuliza, ingawa alijua.

"Ndiye mimi."

"Sema."

"Ni uongo. Nesi hajafanya hivyo."

"Wiki ile ulisema hivyo hivyo."

"Na wiki ijayo nitasema hivyo hivyo."

Alinipima kwa macho, bila haraka. Sidhani kwamba aliniamini. Nadhani aliamua kwamba mtu anayekubali kuulizwa kila Jumanne ni rahisi kumpata akidanganya, na hilo lilimtosha. Akanikabidhi mkono wa yule mtoto mkubwa, akasema, "Mshike huyu," akaingia ndani na mgonjwa wake. Nilisikia sauti ya Atupele ikiuliza kwa kile Kikurya chake cha maumivu: wapi, tangu lini. Mtoto niliyemshika hakulia. Alikuwa akiangalia viatu vyangu.

Bhoke alipotoka hakunishukuru. Alichukua mkono wa mwanawe, akageukia barabarani, na kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe kutoka kilima cha pili akawaambia wale waliosimama kibandani maneno mawili ya Kikurya. Yalimaanisha: yupo, amesema. Wakaanza kuvuka, wakiinua kanga zao juu ya matope, na kila aliyefika alisimama mbele yangu kwanza, akauliza, akasubiri jibu, ndipo akaingia. Nililisema mara saba. Kufikia ya tano Atupele alitoa kichwa dirishani, kalamu mkononi, akaniambia niache kusimama kama mlinzi na nikalete benchi la ndani, akina mama wamekosa pa kukaa.